Pini za Kifaru cha Shemeji Zahoro

Alhamisi, 3 Aprili

Naanza kuandika leo kwa sababu mtu mwenye historia kama yangu akiondoka bila kuacha maandishi, taifa zima linapata hasara. Shule niliishia darasa la sita, lakini ni kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha. Mimi ni Nassibu, fundi saa wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mwavuli wa bluu. Ile saa iliyokutwa tumboni mwa papa pale Feri niliifungua mimi, nikaipuliza mara moja, ikaendelea kutembea. Papa alishakufa, saa haikuwa na habari.

Mvua imeanza tangu alfajiri. Saa kumi hivi akaja Badria, mtoto wa marehemu dada yangu Moza, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani na amekumbatia boksi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeniletea saa ya nani?"

"Sio saa. Kifaru."

Kweli, ndani kulikuwa na kifaru cha plastiki cha kuunganisha, vipande kama mia tatu. Tajiri wake anayeleta mzigo kutoka China ndiye aliyemwagizia. Ni kifaru cha Kichina, aina ile ile aliyoendesha baba yake, Zahoro, kwenye vita vya Kagera, ila kimepunguzwa hadi kinaenea kwenye sahani ya pilau. Zahoro sasa sukari imemla macho, na mguu wa kushoto umeanza kuwa mweusi. Miaka arobaini na sita hajawahi kusimulia vita. Leo ghafla anataka kifaru.

"Amesema mjomba aunganishe," Badria akasema. "Anaviamini vidole vyako. Maneno yako hakuyataja."

Mtoto huyu ana mdomo wa mama yake.

"Na kuna sharti. Minyororo iwe ile ile ya wakati ule. Humu kuna ya aina mbili, hii ina vibao vya mpira, hii haina. Uchague wewe. Si ulikuwepo vitani?"

"Nilikuwepo," nikasema, wala sikupepesa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Jangwani pamejaa maji. Wateja hakuna.

Jumanne, 8 Aprili

Mwili wa kifaru umekamilika, na mzinga, na magurudumu matano kila upande. Mikono yangu mtu anaweza kuikodisha kwenda Ulaya.

Nimeweka minyororo ya mpira. Nikaenda nacho kijiweni kwa Abdulhamid muuza kahawa, watu wakaacha karata. Nikawaeleza jinsi mpira ule ulivyokuwa wa moto siku nilipoukanyaga nikipanda juu.

"Nassibu," Abdulhamid akasema, "vita vya sabini na nane wewe ulikuwa bado unanyonya kidole."

"Nilikuwa mkubwa wa mwili. Walinichukua kubeba maji, mzinga ukaelemewa, nikasogea."

"Haya tuoneshe kitambulisho, tuhesabu miaka."

"Kitambulisho kipo nyumbani."

Wakacheka, wakaniomba niwape ule mkasa wa mnyororo. Nikawapa. Kifaru kimenasa kwenye matope ng'ambo ya mto, mnyororo umechomoka, risasi zinanyesha, mimi nikashuka peke yangu, nikaurudisha kwa mikono hii miwili, nikapanda tena, safari ikaendelea. Wameusikia mara mia na bado wanapiga makofi.

Humu ndani naweza kusema, maana daftari halina mdomo. Kitambulisho kipo mfukoni, kinasema 1968. Kifaru nilikiona mara moja maishani, kwenye gwaride, nikiwa mabegani kwa baba. Kilikuwa na mpira.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimempelekea. Anakaa Mtaa wa Mafia, chumba cha chini, maji ya barabarani yamefika kizingitini. Chumba kinanuka dawa ya kidonda. Zahoro alikuwa amekaa kitandani, mguu umefungwa kitambaa, uso ameuelekeza ukutani kana kwamba kuna dirisha.

Nikakiweka mapajani mwake. Akakipapasa kuanzia mdomo wa mzinga, polepole, akapita kwenye kile kifuniko cha dereva, akatulia hapo. Akatabasamu kidogo. Halafu vidole vikashuka kwenye mnyororo, tabasamu likaondoka.

"Shemeji. Hivi ni viatu vya gwaride."

"Vipi?"

"Mpira sisi tuliuona baadaye, ili visichimbe lami ya mjini. Kule tulikwenda na chuma kitupu." Akanyoosha mkono. "Nipe ile mingine."

Nikampa ya plastiki isiyo na mpira. Akaivuta, akaikunja.

"Hii umbo ndilo, lakini imeshikana yote. Nataka vipande vinavyoachana. Tisini na kimoja kila upande, na pini zinazotoka. Bila pini haina maana."

"Shemeji, ni kitu cha kuweka kabatini."

"Si cha kabatini. Kikiwa tayari, Badria ataniitia Candida wa Feri. Nataka nimwoneshe kwa mkono, maana kwa mdomo nimeshindwa miaka yote hii. Daktari amesema mguu huu hauendi mbali. Nataka nimwambie kaka yake alikufaje kabla hawajaanza kunikata."

Nikasema sawa. Nilipotoka nje nilikanyaga dimbwi nikazama mpaka kwenye goti, wala sikuhisi.

Jumapili, 13 Aprili

Lazima niandike kwa nini.

Candida anakaanga samaki pale Feri, karai lake ni la tatu ukitokea upande wa mnada. Kwao Masasi. Kaka yake, Wilbert, alikuwa mpakia makombora ndani ya kifaru cha Zahoro, na hakurudi. Waliletewa barua tu.

Mimi habari ya mnyororo niliipata kwa dada Moza. Aliniambia Zahoro akishikwa na homa anapiga kelele, "Mnyororo! Mnyororo!" Basi. Neno moja. Hayo mengine, risasi na matope na mikono miwili, niliyajazia mwenyewe, kama unavyomwekea mtu mshale mpya kwenye saa yake.

Miaka kumi na tisa iliyopita Candida alikuja mezani kwangu kubadilisha betri, akanikuta nipo katikati ya hadithi. Akasubiri watu waondoke. Akasema, "Kaka, basi wewe ulimwona Wilbert wetu."

Ningesema sikumwona, tungeishia hapo. Badala yake nikamwambia nilimwona. Nikamwambia alikufa kwa malaria, amelala, asubuhi tukamkuta hivyo hivyo, anatabasamu.

Alinishika mikono yote miwili akalia. Tangu siku ile kila nikipita Feri ananifungia kipande cha samaki kwenye gazeti. Miaka kumi na tisa nakula samaki wa Candida.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Badria kapiga simu, nimemwambia bado natafuta vifaa.

Jumanne, 22 Aprili

Vifaa nimevipata, na kama si aibu ningevitangaza redioni. Mikanda ya saa ya chuma! Ule mwembamba upana wake ni ule ule wa mnyororo, na vipande vyake vinaachana, na kila kipande kina pini.

Ninayo droo ya saa ambazo wenyewe hawakurudi. Fundi saa hatupi saa ya mtu wala haiuzi, hata ikikaa miaka ishirini. Marehemu aliyenifundisha kazi alikuwa anazitia ufunguo zote kila Ijumaa, akisema mwenyewe akija asikute imelala. Mimi pia nazitia. Nyingine najua wenyewe wameshazikwa, nilikwenda msibani. Leo nimezivua mikanda. Saa zimebaki uchi kwenye droo kama mayai.

Jumatano, 30 Aprili

Vipande vyote ninavyo. Kila kimoja nakikata, nakipiga tupa, nakitoboa upya, nakitia pini. Lensi jichoni mpaka kope zinauma. Kwa siku natoa vipande ishirini. Kazi hii ningewapa vijana wa siku hizi wanaobadilisha vioo vya simu, wangelia.

Wakati wote mvua inagonga mwavuli na mimi nafikiria karai la Candida.

Jumamosi, 3 Mei

Mnyororo wa kulia umekamilika. Unatambaa mezani kama tandu. Badria alipiga, nikamwambia gundi haijakauka.

Jumanne, 6 Mei

Wa kushoto umekamilika. Nimekivisha kifaru yote miwili. Nimekisukuma mezani, kinatembea kwa sauti, chuma kwa chuma. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki na hakuna wa kumwonesha.

Badria: "Mjomba, tayari?"

"Gundi haijakauka. Unajua unyevu huu."

"Chuma mnabandika kwa gundi?"

Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Ijumaa, 9 Mei

Zahoro amelazwa, hospitali kule Upanga. Mguu utakatwa Jumatatu ya tarehe 19.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda naye Badria. Alinifuata mpaka mezani, hakuniachia nafasi ya kusema gundi. Kifaru kilikuwa ndani ya mfuko, nimekizungushia taulo.

Wodi ina vitanda vingi na maji yanadondokea ndoo mahali fulani. Zahoro amepungua sana. Badria akatoka kufuata dawa, tukabaki wawili. Nikampa. Nilisubiri anisifu, sitadanganya, nilisubiri kama mtoto.

Akapitisha kidole kwenye mnyororo, nje, kisha ndani, kisha nje tena.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Lakini umeingiza pini kutokea nje."

"Ndivyo zinavyoingia."

"Kwenye saa, ndiyo. Mkono wa mtu uko ndani, hutaki kichwa cha pini kimkwaruze. Kifaru hakina mkono. Kichwa cha pini kinakaa ndani, upande wa tumbo. Nje hakuna kinachoizuia. Ukitembea, pini inajisogeza kuja ndani, kidogo kidogo. Pale nyuma ubavuni kuna kipande cha chuma kimechomelewa. Pini iliyojitokeza inakigonga, inarudi mahali pake. Tak. Tak. Siku nzima unaisikia ile sauti, mpaka ukilala."

Akagonga ubavu wa kifaru kwa ukucha.

"Kwetu kile kipande kilipinda, tulikuwa tumegonga kisiki. Kwa hiyo kila tukisimama dereva inabidi ashuke na nyundo, azunguke, azirudishe moja moja kwa mkono. Siku ile mvua ilikuwa kama hii. Sikuwa nimelala siku tatu. Kamanda akauliza, Zahoro, umekagua? Nikasema nimekagua."

"Na hukukagua."

"Sikushuka hata mguu. Tulipoondoka sikusikia tak, nikasema si kitu. Mbele kidogo mnyororo ukatoka, kwenye matope, mahali pa wazi. Wa kushuka nilikuwa mimi. Nikawa natafuta nyundo. Sikujua ilipo, maana sikuwa nimeishika. Wilbert akasema, baki, nashuka mimi. Wakampiga akiwa amepiga magoti, kipande cha mnyororo amekishika."

Akakirudisha kifaru mikononi mwangu.

"Ukiacha vichwa nje, shemeji, pini haiwezi kuja ndani, kosa linakuwa si langu. Kinakuwa kifaru kingine. Zigeuze."

"Zote?"

"Zote. Halafu Candida aje."

Nikafunga taulo. Nilipokaribia kuondoka akaniita.

"Nassibu. Ule mnyororo unaousimulia pale kwa Abdulhamid, nausikia miaka yote."

Nilitamani sakafu ya wodi ile ipasuke.

"Mbona hukunikataza?"

"Kwako wewe, aliyeshuka alipanda tena," akasema. "Nilikuwa napenda kusikia hivyo."

Jumanne, 13 Mei

Nageuza pini. Mnyororo wa kulia tayari. Mvua haikatiki. Zahoro hajui nilichomwambia Candida. Akija Candida pale kitandani, atasikia magoti na risasi, halafu atanigeukia mimi na usingizi wangu na tabasamu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemaliza saa tano asubuhi. Pini mia moja na themanini na mbili, vichwa vyote ndani. Nimekisukuma mezani mara tatu, nikaona pini mbili zimejisogeza kuja ndani kidogo. Kweli zinajisogeza. Nikazirudisha kwa kibano.

Badria: "Mjomba, baba anauliza. Nimwite mama Candida leo?"

"Gundi haijakauka."

"Haya," akasema, akakata simu.

Ijumaa, 16 Mei

Gundi haijakauka.

Jumamosi, 17 Mei

Zahoro amefariki saa mbili asubuhi. Sukari ilipanda, ikashindikana kushuka. Badria alikuwa ameenda kumletea uji.

Kifaru kipo mezani kwangu, chini ya taulo.

Jumapili, 18 Mei

Tumemzika jana ile ile alasiri, Kisutu, kwenye mvua. Kaburi lilikuwa linaingiza maji, vijana wakayachota kwa ndoo. Nilishuka kaburini kumpokea. Nilisimama kwenye matope na nikatia udongo kwa mikono hii miwili.

Watu wa kijiweni walikuwepo wote. Abdulhamid aliniegemea begani akasema, "Pole, kamanda." Hakuwa anatania.

Jumanne, 20 Mei

Candida amekuja kuhani, amevaa khanga mbili zinazonuka moshi wa Feri. Akamkumbatia Badria. Halafu akaja mpaka kwenye mkeka wa wanaume, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akachuchumaa mbele yangu.

"Kaka Nassibu, pole. Badria ananiambia kaka Zahoro alikuwa anataka kuniita. Alikuwa na neno lake kwangu, anasubiri kitu kikauke. Neno gani?"

Mkeka mzima ukanigeukia. Wanajua mimi ndiye msemaji. Lingeweza kutoka lolote: alitaka kukuaga, alitaka kukuombea. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limevaa vizuri kabisa.

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Nitakuja Feri," nikasema mwishowe. "Keshokutwa."

Badria alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama kwa namna ambayo Moza alikuwa ananitazama nikirudi nyumbani na uongo. Angesema neno ingekuwa nafuu.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nilifika mnada umeisha, Candida anageuza samaki. Aliponiona akachukua gazeti kunifungia.

"Acha kwanza, dada."

Nikaweka kifaru kwenye benchi lake, nikatoa taulo. Akafuta mikono kwenye khanga.

"Hiki ndicho kilikuwa kinakauka?"

"Hakikuwa na cha kukauka. Kilikuwa tayari tangu Alhamisi iliyopita. Zahoro alikuwa hai, angekuambia mwenyewe. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Sikuwepo vitani, dada Candida. Nilikuwa na miaka kumi, nipo Kariakoo. Wilbert sijawahi kumwona hata kwa picha."

Akashika kijiko chake cha kugeuzia, akakiweka chini, akakishika tena. Nikamwambia yote, kwa mpangilio aliouacha Zahoro, sikuongeza hata tone. Kipande kilichopinda. Nyundo. Nimekagua. Kila nilipofika nilimwonesha kwa kidole. Nilipofika kwenye magoti nilisema magoti.

Samaki wakaungua. Hakuwatoa.

"Na ule usingizi?" akauliza.

"Niliutunga."

"Na kutabasamu?"

"Na kutabasamu."

"Mama alikufa na tabasamu lile," akasema. "Nilikwenda Masasi na basi kumpelekea. Alikuwa kila jioni anasema, afadhali mwanangu alilala."

Nilitaka kusema pole. Nikaona kwamba hata hilo, likitoka kinywani mwangu, hatajua ni la kweli au la.

Akainama karibu na mnyororo wa kushoto. Kwa ukucha akatafuta kichwa cha pini, upande wa ndani, akaivuta. Ikatoka bila kelele. Mnyororo ukafunguka, ukaanguka juu ya benchi.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

Akaiweka kiganjani, akaitazama muda, ndogo kama mwiba wa dagaa. Halafu akaifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili.

"Mwambie Badria nimechukua moja."

Akatoa samaki walioungua, akawamwaga, akaweka wengine. Hakunifungia kipande. Nikazungusha taulo nikaondoka.

Jumapili, 25 Mei

Leo hakuna mvua. Nimempelekea Badria kifaru chake. Amekiweka juu ya kabati, mnyororo wa kushoto unaning'inia. Akaniuliza kama nitatia pini nyingine. Ninazo tele. Nikamwambia auache hivyo hivyo, nikamweleza sababu. Akasikiliza mpaka mwisho. "Asante kwa kuniambia, mjomba," akasema, kisha akaingia ndani na hakutoka tena.

Alasiri nikapita kijiweni. Abdulhamid akanimiminia kahawa, akasema jamani, tumkumbuke marehemu, kamanda tupe ule wa mnyororo.

"Sikuwepo," nikasema. "Nilikuwa na miaka kumi. Aliyeshuka alikuwa Wilbert, na hakupanda tena."

Mmoja akaanza kucheka, na Abdulhamid akafuata, mpaka akaweka birika chini. Walicheka kuliko siku zote. "Huyu leo kaja na mpya!" wakasema. "Eti hakuwepo!"

Nikatoa kitambulisho mfukoni, nikakiweka juu ya meza ya karata. Wakakipokezana mkono kwa mkono, wakakisoma, wakakigeuza nyuma, wakakinyanyua juani.

"Nassibu wewe fundi kweli," Abdulhamid akasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Yaani hata hiki umetengeneza mwenyewe!"

Nikakirudisha mfukoni.